Papa Aliyekula Nyumba ya Nduku

Haya yote nitakayoeleza ni kweli tupu, kuanzia mvua mpaka kahawa. Naapa kwa Biblia ya marehemu mke wangu, ambayo iko hapa mezani chini ya kofia yangu. Najua watu wa Gongoni wakisikia Gachanja ameapa huvuta viti karibu, maana wanajua burudani inaanza. Safari hii wabaki walipo. Uongo nimeshaulipia, na pensheni ya mashamba ya chumvi si pensheni ya kulipia uongo mara mbili.

Nilikuja pwani kutoka Murang'a nikiwa bado na nywele, kuendesha trekta la kuvuta chumvi. Shule niliiacha mapema. Kusoma nilijifundisha kwa vipande vya magazeti ambavyo Rasik, mwenye duka, alikuwa akifungia sukari, ndiyo maana najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache. Mwisho nimezoea kuutunga mwenyewe. Nilipostaafu watu walidhani nitarudi bara. Nikafanye nini? Kule hakuna ninayemjua isipokuwa ndugu zangu.

Kwa hiyo jioni zangu ziko kwa Dena, muuza kahawa, pale kituoni yanapopinda malori ya chumvi. Dena ana dele moja la kuchemshia kahawa, jiko moja la makaa, kashata kwenye ndoo yenye kifuniko, na benchi refu lililokuwa la kanisa. Benchi hilo lina sheria yake. Mgeni akiketi hapo mara ya kwanza hupewa hadithi pamoja na kikombe, na hadithi hiyo naitoa mimi. Akisema, "Mzee, huo ni uongo," na akaleta shahidi aliyeona kwa macho yake, nalipia kahawa ya kila mtu aliyepo. Akikosa shahidi, analipa yeye. Wanabenchi hawaruhusiwi kucheka wala kunisaliti. Kazi yao ni kutikisa kichwa kama watu waliokuwepo.

Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulipa. Madereva wamelipa, wauza mitumba wamelipa, mwinjilisti mmoja kutoka Marereni alilipa huku akiniombea. Siri yangu ni ndogo. Nasimulia mambo ambayo nilikuwa peke yangu, au mwenzangu amekufa, au mwenzangu ana heshima hawezi kuniaibisha. Huyo wa tatu ndiye aliyeniponza.

Jirani yangu ni Nduku. Ni mwenyeji wa Kitui, alikuja huku kupakia chumvi na akaipakia mpaka mabega yake yakawa mapana kama mlango. Mume alimwacha akaenda Mombasa, hakurudi. Nduku hakumtafuta. Aliacha kupakia, akaanza kuwapikia chapati na maharagwe wafanyakazi wa zamu, na kutokana na chapati hizo akachukua mkopo wa kujenga nyumba kwenye shirika moja la Malindi, Paa Imara. Nyumba ya mawe ya kuchonga, vyumba viwili na sebule, jiko limeshikana na nyumba kwa nyuma, milango ya rangi ya samawati. Alikuwa akilipa kila mwezi bila kukumbushwa, na ndani ya malipo hayo mlikuwa na kidogo cha bima. Bima hiyo ilisema nyumba ikibomolewa na mvua au mto, italipa. Ikibomolewa na bahari, haitalipa. Nduku alitia sahihi. Bahari iko mbali na mlango wake, nyuma ya mabwawa yote ya chumvi. Nani angeifikiria?

Basi zikaja zile mvua za mwisho wa mwaka 2023. Wengine waliziita El Nino. Sisi tuliziita kwa majina ambayo Biblia hii hapa isingependa niyaandike. Maji hayakutoka baharini. Yalitoka bara, huko vichakani Magarini, yakashuka na kile kijito ambacho mwaka mzima huwa ni mchanga mtupu, yakafika kwenye matuta ya mabwawa ya chumvi, yakakosa njia, yakarudi kutukalia sisi. Mchana mmoja tu ukuta wa jiko la Nduku ulilala chini, na chumba cha kulala kikapata ufa wa kuingiza mkono.

Mimi nilikuwa wapi? Nitafika hapo. Nikiharakisha nitajikwaa.

Maji yalipokauka, hadithi ndiyo iliyobaki. Mwezi wa Januari kijana mmoja mwenye viatu visafi aliketi kwenye benchi la Dena, akauliza habari za mafuriko.

"Kwanza kunywa," nikamwambia. "Kwenu wapi?"

"Jina langu Gitau, Mzee. Kwetu ni Gatanga."

Mtu wa kwetu! Nilimpa hadithi yangu bora, ile niliyokuwa nikiisugua tangu Novemba mpaka inang'aa. Nilimwambia nilikuwa nimesimama juu ya paa la Nduku. Nikaona bahari inainuka, ya buluu, inapita juu ya mabwawa kama mtu anayeruka mkeka. Na ndani ya wimbi lile, papa. Papa mwenyewe, yule wa meno, mrefu kuliko benchi hili. Akaingia kwa dirisha la sebule, akazunguka meza, akatazama picha ya kipaimara ukutani, kisha akatokea kwa mlango wa jikoni amevaa sufuria kichwani.

"Sufuria?" Gitau akauliza.

"Ile ya maharagwe," nikasema.

"Mpaka leo haijarudi," Dena akaongezea, uso mkavu, akichochea makaa.

Rasik alikuwa ameketi mwisho wa benchi na gazeti lake. Akasema, "Mimi niliuza sufuria nyingine wiki ile. Sikuuliza ni ya nini."

"Nani mwingine alimwona?" Gitau akauliza.

"Nduku mwenyewe, lakini alikuwa amefumba macho anasali."

Kijana alicheka mpaka akajifuta machozi. Shahidi hakuwa naye, akalipa. Akaandika kitu kwenye simu yake, nikadhani anaandika ili akawasimulie wenzake. Kwetu mtu hamuulizi mgeni kazi yake kabla hajamaliza kikombe cha kwanza, na alipokimaliza alikuwa ameshaondoka. Kama ningeuliza ningejua kwamba kazi yake ni kukagua nyumba kwa niaba ya bima.

Nduku alikuja kwangu baada ya Pasaka. Alisimama mlangoni na sahani iliyofunikwa kitambaa, na hakukaa.

"Mzee," akasema, "papa wako amekula nyumba yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Bima wamekataa," akasema. "Wanasema yalikuwa maji ya bahari. Yule kijana aliona chumvi kwenye kuta."

"Gongoni yote ina chumvi kwenye kuta! Hata altare ya kanisa ina chumvi."

"Nimewaambia. Wakaniambia si chumvi tu. Wana mzee aliyeona wimbi la bahari kwa macho yake, akiwa juu ya paa langu, na papa ndani yake." Akaweka sahani mezani. "Sasa Paa Imara nao wanasema, kama bima hailipi, nilipe mimi. Miezi niliyokosa, na faini, yote pamoja kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo nyumba inapigwa mnada."

"Lakini jiko limeanguka!"

"Nimewauliza hilo. Nimewauliza, mnanidai ukuta ulio chini? Yule dada wa mikopo akaniambia mkopo hauulizi ukuta umesimama au umelala." Akarudi mlangoni. "Ile pesa ya miezi mitatu ndiyo niliyonunulia mabati na kulipia chumba nilikolala wakati nyumba ina maji. Nilidhani bima italipa."

Sikujua niangalie wapi, nikaangalia sahani.

"Alhamisi nina mkutano nao Malindi. Ni wa mwisho. Twende ukawaambie ulitunga."

"Nduku, mwanangu, goti langu hili..."

"Sikulazimishi, Mzee," akasema, akaondoka. Chini ya kitambaa mlikuwa na chapati, za moto. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Mtu atasema, kwani ugumu uko wapi, mzee mzima si aseme tu sikuona papa? Ngoja. Nikisema sikuona papa, wataniuliza, basi ulipokuwa juu ya paa uliona nini? Na mimi juu ya paa sikuwepo. Hapo watauliza nilikuwa wapi, na jambo hilo nilikuwa nimeazimia kuzikwa nalo.

Hata hivyo Alhamisi nilivaa koti. Kwenye gari kwenda Malindi Nduku alikaa na mkoba magotini, na mimi njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kumwondoa papa bila kujiondoa mwenyewe pale paani. Tulipopita daraja la Sabaki nilidhani nimeipata.

Ofisi ya Paa Imara iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Dada wa mikopo anaitwa Bridgit Moraa, mtu wa Kisii, sauti ya taratibu, kucha fupi. Gitau alikuwa amekaa pembeni. Aliponiona alitabasamu kama mtu aliyemwona babu yake.

"Shikamoo Mzee," Bridgit akasema. "Nimesikia mengi kukuhusu. Mama Nduku anasema unataka kurekebisha maelezo yako."

"Marahaba. Ndiyo, nataka kurekebisha. Yule papa hakuwa mkubwa vile."

Nduku akageuza kichwa polepole, akanitazama.

"Alikuwa na ukubwa gani?" Bridgit akauliza.

"Wa kiasi. Na nikifikiri vizuri, huenda alikuwa kambale. Kambale ni samaki wa mtoni, dada, hata mtoto anajua. Kambale akiingia nyumbani kwako, ni mto umekuja. Sivyo?"

"Uliniambia ana meno na pezi mgongoni," Gitau akasema.

"Kambale aliyezeeka hubadilika."

"Na lile wimbi la buluu?"

"Buluu ya mbali. Maji yalipokaribia, yalikuwa ya udongo."

"Mzee wangu," Bridgit akasema, bila hasira. "Mimi nataka kumsaidia huyu mama. Kweli nataka. Lakini Januari ulisema papa, leo unasema kambale, na umekuja gari moja na yeye. Nikimpelekea meneja maneno haya ataona mama amekupanga useme. Itamharibia zaidi. Wewe ulikuwa juu ya paa au hukuwa?"

"Nilikuwa juu ya paa," nikasema.

Sijui kwa nini. Mdomo wangu umezoea njia hiyo. Unaipita hata mwenyewe nikiwa nimelala.

Bridgit akafunga faili. "Basi naona tuishie hapa."

"Hakuwa juu ya paa," Nduku akasema.

Alikuwa bado ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hakunitazama.

"Alikuwa mgongoni mwangu."

Gitau akaacha kalamu.

"Maji yaliponifika magotini nilimsikia anapiga kelele," Nduku akaendelea. "Nikaenda kwake. Alikuwa amesimama juu ya meza, ameshika redio, analia kuna nyoka. Hakukuwa na nyoka, ilikuwa ni kamba ya kuanikia nguo. Nikamgeuzia mgongo, nikamwambia panda. Akapanda. Ikawa ananivuta nywele na kunielekeza njia kama trekta, nikachukua kanga nikamfunika kichwa chote ili atulie. Nikambeba mpaka shule ya msingi kwenye mwinuko. Hakuona papa. Hakuona kambale. Hakuona hata maji. Na mimi wakati nambeba, ndio ukuta wangu ukaanguka. Nilikuwa nimepanga kutoa magunia ya unga kwanza, sikuwahi."

Nilikuwa sijui hilo la unga.

"Kwa nini hukusema mapema?" Bridgit akamuuliza.

"Ni mzee wa watu," Nduku akasema. "Pale shuleni watu walikuwa wengi. Nilimshusha nyuma ya vyoo, nikamnyoosha koti, nikamwambia ingia mwenyewe kwa miguu yako. Akaingia. Nilipofika mimi alikuwa ameshaanza kuwasimulia."

Chini dukani mashine ya kushonea ilikuwa inakimbia na kusimama.

"Kuna mtu mwingine aliyeona hayo?" Gitau akauliza. Aliuliza kwa upole, lakini lilikuwa ni swali la benchi la Dena, na sote wawili tulilijua.

"Hakuna," Nduku akasema. "Ni mimi na yeye."

Bridgit akanigeukia. "Mzee, ni kweli?"

Nataka nieleze sekunde hiyo bila kuipamba. Nilikuwa na majibu mengi. La kwanza lilikuwa zuri sana, lilikuwa na ngamia ndani yake. Nikatazama mabega ya Nduku, nikakumbuka yalivyokuwa chini ya kidevu changu, yamelowa, yananukia moshi wa kuni, na jinsi alivyokuwa akihesabu hatua kwa Kikamba ili asiteleze.

"Ni kweli," nikasema.

"Papa?"

"Hakukuwa na papa."

"Bahari?"

"Sikuona bahari wala mto. Niliona kanga kwa ndani. Ilikuwa na maua mekundu."

Gitau akaweka mkono mdomoni akageukia dirishani, mabega yanatikisika. Bridgit alijikaza, ni mtu wa kazi. Alisema mnada anausimamisha kwa sasa, kwa kuwa ripoti ya bima imesimama juu ya mtu aliyefunikwa kichwa. Gitau atarudi Gongoni leo hii akakague upya, aulize waliokuwa na macho wazi.

"Na faini za kuchelewa?" Nduku akauliza.

"Zitangoja ripoti."

"Zingoje zikiwa zimelala. Zisiendelee kukua."

Bridgit akamtazama, akaandika. "Zimelala," akasema.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani akajifungia. Mimi niliwaacha Nduku na Gitau wakingoja gari la ofisi, nikachukua pikipiki mpaka Gongoni, ili nifike kwenye benchi kabla ya habari. Hilo ndilo kosa langu la pili, na nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Pikipiki ilikawia njiani, nikafika zamu ya mchana inatoka. Watu wa chumvi walikuwa wamejaa kwa Dena, weupe mpaka kwenye nyusi. Rasik alikuwa ameketi mahali pake.

"Vipi Malindi?" akauliza. "Mama Nduku amepona?"

"Mnada umesimama," nikasema, na kelele za furaha zikapanda. Nikanyanyua mkono. "Mimi ndiye niliyeusimamisha. Niliingia, hata kiti sikukalia. Nikagonga meza, nikamwambia yule dada: andika! Mimi Gachanja, kwa hiari yangu, natamka kwamba papa nilimtunga."

"Alaa!" Dena akasema. "Kwa hiyo ulikuwa uongo."

"Kahawa!" vijana wa zamu wakapiga kelele. "Mzee analipa!"

"Polepole," nikasema. "Sheria inasemaje? Inasema msimulizi *anaswe*. Aletewe shahidi. Mimi sikunaswa na mtu. Mtu aliyejisema mwenyewe, kwa hiari, hajanaswa. Rasik, wewe ni mtu wa haki, nimekosea?"

Rasik akakunja gazeti. Huyu bwana babu yake alifungua lile duka, na mabishano ya benchi anayachukulia kama kesi ya mirathi.

"Kwa sheria," akasema polepole, "akijisema mwenyewe, yuko salama. Lakini iwe kwa hiari kweli. Mtu hakumtangulia kusema?"

"Nani anitangulie? Wote walikuwa wameinamisha vichwa. Nduku alikuwa analia kimya kimya kwenye kona. Nikamwambia, nyamaza mwanangu, mzee wako yuko hapa..."

"Mzee, huo ni uongo."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka kuijua, lakini mazoea ni mazoea.

"Una shahidi?" nikauliza.

"Mimi mwenyewe nilikuwepo," Gitau akasema. "Na mama huyu hapa."

Nikageuka. Viatu vyake havikuwa visafi tena. Walikuwa wameshapitia kwa Nduku, na Gitau, aliyekwenda mara ya kwanza akitafuta alama ya papa, safari hii alitazama ukuta. Alama ya maji ilikuwa pale pale, nje na ndani, mstari wa udongo mwekundu uliofika kwenye dirisha. Udongo huo uko bara. Bahari yetu haina. Alikuwa ameuona hata Januari, alituambia, lakini alikuwa ametoka kwenye benchi akicheka bado, papa hakumwamini ila wimbi aliliamini, na chumvi ikamtosha. Aliuliza benchi zima maji yalitoka upande gani. Wote, hata wenye vikombe mkononi, walinyoosha mkono kuelekea bara, mahali pamoja.

Nimalizie kabisa habari ya nyumba, nisije nikasahau kwa sababu ya kahawa. Bima ililipa kuta mwezi wa Juni. Paa Imara waliihamisha ile miezi mitatu mwisho wa mkopo. Faini bado wanabishana. Nduku huenda kila mwezi na sahani ya chapati, wanakula, wanabishana. Bridgit anasema hajawahi kuona deni linalobishana kwa adabu namna ile. Nyumba ni ya Nduku.

Lakini siku ile kilichokuwa mbele yangu ni Rasik, aliyesimama kabisa, jambo ambalo hulifanya mara chache.

"Kijana," akamwambia Gitau, "eleza mahakama. Nani alisema kwanza?"

"Mama ndiye aliyesema kwanza," Gitau akasema, uso umemchangamka. "Mzee alikuwa bado anasema kambale. Ndipo mama akasema kwamba Mzee siku ile alikuwa mgo..."

"Inatosha, kijana," Nduku akamkatiza. "Wameuliza nani alisema kwanza. Ni mimi. Hayo mengine ni ya ofisini."

Gitau akafunga mdomo. Benchi halikujua habari ya mgongo siku ile, na halikuijua mpaka leo ninapoiandika mwenyewe. Nduku alinishusha nyuma ya vyoo kwa mara ya pili, na mara hii pia akaninyoosha koti.

"Amenaswa!" Rasik akatangaza.

Sijapata kuona Gongoni ikikusanyika haraka vile hata kwa harusi. Zamu iliyokuwa imeshavuka barabara ilirudi. Madereva wawili niliowahi kuwalipisha waliegesha malori. Mtu alimpigia simu yule mwinjilisti, na mwinjilisti, mtumishi wa Mungu, alikuja kutoka Marereni kwa pikipiki. Dena alimaliza dele la kwanza, akaweka la pili, akatuma vikombe viazimwe kwa jirani. Kashata ziliisha mpaka vumbi la ndoo likagawanywa kwa kijiko. Kila aliyepokea kikombe alinishukuru kwa jina langu lote.

Nilitoa za mfuko wa shati, kisha za mfuko wa suruali, kisha zile ninazoweka ndani ya kofia. Dena alitazama, akatikisa kichwa. "Bado, Mzee." Nikavua saa niliyopewa na kampuni nilipostaafu, nikaiweka rehani karibu na dele.

Nduku aliichukua ile saa, akanirudishia mkononi.

"Hiyo vaa," akasema. Akatoa noti kwenye mkoba wake akampa Dena. "Sasa namdai mimi. Nitamlipisha mwenyewe. Fundi anaanza ukuta wa jiko Jumatatu, malipo atangoja bima, anataka mtu wa kumchanganyia mchanga na saruji na kumbebea mawe. Uje asubuhi, Mzee."

"Nduku, mwanangu," nikasema, "kubeba mawe? Mgongo wangu unauma."

"Wangu nao uliuma," akasema.

Watu wakacheka, wakidhani ni maneno tu. Gitau hakucheka. Mimi nilivaa saa yangu, na Nduku akamnyooshea Dena kikombe kiongezwe. Jumatatu asubuhi nilikwenda, nikabeba mawe mpaka jua lilipotua, na hicho kikombe alichoongezewa Nduku akakiingiza nacho kwenye deni langu.